Komatsu PC200-7 inaleta E02 ikishapata moto: ni valvu ya pampu au ni waya?

MtamboBoko
Wakuu, habari za kazi. Nina kijiko Komatsu PC200-7, used ya Japani, kinafanya kazi huku Boko. Asubuhi kikiwa cha baridi kinachimba vizuri. Kikishapiga kazi kama saa moja, kwenye kioo cha monita inakuja E02, na hapo hapo ukizamisha ndoo kwenye udongo mgumu injini inashuka mzunguko hadi inataka kuzima. Ukizima ukakiacha kipoe kisha ukawasha, E02 inapotea, baadaye inarudi. Kwenye kumbukumbu ya hitilafu za umeme ipo DXA0KA na nyingine mbili za sensa. Oili ya haidroliki na filta ni mpya. Fundi anashauri tutafute pampu nzima kwenye maduka ya spea, Gerezani. Kabla sijatoa hela, nipime nini na nianzie wapi? Mita ninayo.

FundiUmeme_Tabata
Mkuu, hela ya pampu iache mfukoni kwanza. E02 inasema kuna hitilafu kwenye umeme unaoiongoza pampu, haisemi pampu imechoka. Undani unao kwenye DXA0KA: hiyo ni solenoidi ya PC-EPC, ile valvu ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye pampu, na KA ya mwishoni ni saketi iliyokatika. Ingekuwa shoti ungeona DXA0KB. Yaani kontrola (kompyuta ya mtambo) inatuma umeme lakini haioni mkondo ukipita.

Dalili zako zinaendana kabisa. Mkondo wa PC-EPC ndio unaoizuia pampu isidai nguvu kuliko injini inavyoweza kutoa. Ukikatika, pampu inajiachia hadi mwisho, injini inabebeshwa mzigo wote na kuzidiwa. Pampu iliyochoka huonekana tofauti: mtambo unakuwa mlegevu, lakini injini inabaki na mzunguko wake kwa sababu haipati mzigo wa kutosha.

Anza na swichi ya dharura ya pampu, ile ya ndani ya kabini. Wengi wanaijua kama swichi ya kumalizia kazi ya siku, kumbe ni kipimo kizuri sana. Waya wa PC-EPC unatoka kwenye kontrola nyuma ya kiti, unapita kwenye swichi hiyo, ndipo unakwenda kwenye valvu. E02 ikishatokea, weka swichi upande wa dharura ujaribu kuchimba. Injini ikitulia, valvu na waya wa kutoka kwenye swichi kwenda kwenye pampu ni vizima, kwa hiyo tafuta kati ya kontrola na swichi, pamoja na swichi yenyewe kwa ndani. Isipobadilika kitu, hitilafu iko upande wa pampu. Usishangae E02 kubaki kwenye kioo hata mtambo ukichimba vizuri kwa dharura, ndivyo ulivyotengenezwa. Ukimaliza, rudisha swichi kwenye kawaida kabla hujapima chochote.

Halafu ndiyo mita. Shusha ndoo chini, zima, toa terminali hasi ya betri. Chomoa plagi ya valvu, pima omu kati ya pini mbili za upande wa valvu: iwe kati ya 7 na 14. Kila pini kwenda kwenye bodi (chuma) ya mtambo iwe megaomu 1 au zaidi. Wengi hapa hupima asubuhi mtambo umepoa, wanasema koili nzima, wanafunga kava. Tatizo lako linakuja na joto, basi pima joto hilo hilo likiwepo. Koili iliyosoma omu 10 asubuhi, ikifika nyuzi 80 itasoma kama 12, hiyo ni tabia ya shaba. Ikiruka kwenda OL (mita inaonyesha hakuna njia ya umeme), imekatika ndani na valvu ndiyo ya kubadilisha.

Koili ikiwa nzima, chomeka plagi ya valvu tena, chomoa plagi ya kontrola na upime waya zile mbili kutokea pale. Namba za pini zichukue kwenye mchoro wa mtambo wa namba yako ya seria, usikisie kwa rangi. Usomaji uwe karibu sawa na wa koili, tofauti isizidi omu 1. Mmoja aangalie mita, mwingine atikise wayaringi taratibu kuanzia kwenye pampu hadi chini ya sakafu ya kabini, hasa panapopita kwenye tundu la bati na kwenye kila klipu. Namba ikiruka, umefika.

Haidroliki_Kigamboni
Naunga mkono hapo juu. Niongeze kuhusu zile kodi (namba za hitilafu) mbili za sensa. Kwenye monita bonyeza namba 4 bila kuiachia, kisha 1, 2, 3, utaingia sehemu ya mafundi. Kodi yenye E pembeni bado iko hai, isiyo nayo ni historia. Mitambo ya used inakuja na historia ya mafundi waliochomoa sensa huku swichi ya funguo iko ON. Piga picha zote, futa, fanya kazi, kisha ushughulike na itakayorudi tu.

Umeme wa betri nao upimwe, ni kazi ndogo. Ukiwa umezima na betri zimepumzika, mbili kwa pamoja zisome volti 25 na kitu. Injini ikizunguka, 27.5 hadi 28.5. Halafu weka mita kati ya terminali hasi ya betri na chuma cha injini wakati wa kupiga stata: ikizidi nusu volti, erthi ina kutu. Ila sitegemei hilo liwe jibu lako. Erthi mbovu huleta kodi nyingi zisizohusiana kwa mkupuo. Wewe unayo moja inayorudi kwa mpangilio uleule.

Tafadhali fundi asitoboe waya kwa pini ili apime. Hewa ya pwani ina chumvi, na tundu lile litaoza kwa ndani huku plastiki inaonekana nzima. Pima kwa nyuma ya plagi.

MtamboBoko
Asanteni wakuu. Swichi ya dharura haikubadilisha kitu, injini bado inazidiwa. Koili ni omu 11 ikiwa baridi, 13 ikiwa ya moto, na kwenye bodi haisomi. Kutokea kwenye kontrola inasoma 13, lakini ukiigusa plagi ya valvu inaruka OL na kurudi. Ndani ya plagi pini moja ina ukungu wa kijani. Nipulize spreyi nifunge?

FundiUmeme_Tabata
Spreyi itakupa wiki chache. Ukungu wa kijani ni shaba inayoliwa, na pini ya kike ikishapanuka haishiki tena. Chuma kikipata joto kinaachia, ndiyo maana asubuhi unapona. Chukua pini ya kiume ya saizi ile, ichomeke peke yake kwenye pini ya kike. Ikiingia bila kushika, badilisha.

Nunua plagi yenye mkia wa waya, pande zote mbili zikipatikana. Kata waya wa zamani hadi ufikie shaba inayong'aa. Ukiona weusi kwa ndani, endelea kukata. Unganisha kwa terminali ya kubana kwa plaizi yake na mpira wenye gundi unaonywea kwa moto. Kusokota waya na kuzungushia tepu karibu na pampu hakufai, mtikisiko na oili vitafungua. Maungio mawili yapishane, yasikae sehemu moja, na waya uache ulegevu kidogo kabla ya klipu ili usivutwe injini ikitikisika. Hakikisha mpira wa kuzuia maji wa plagi upo.

Ukifunga, futa kumbukumbu, pasha oili ifike nyuzi 45 hadi 55, halafu kwenye sehemu ya mafundi fungua usomaji wa mkondo wa PC-EPC. Mtu atikise plagi injini ikiwa imewaka bila kugusa mitambo mingine. Miliampea zisiruke kwa sababu ya kutikiswa. Kisha chimba kwa zaidi ya ile saa moja ambayo E02 ilikuwa inatokea.