Mgonjwa wa Wilson, ngiri ya kinena: nusu kaputi au ganzi ya mgongo?

Kaputi: Habari wadau. Kijana wa miaka 23 ana ugonjwa wa Wilson, ule wa shaba kujaa kwenye ini na ubongo; ngiri yake inafanyiwa upasuaji kesho kutwa. Mimi navutiwa na ganzi ya mgongo ili ini lisibebeshwe dawa nyingi. Mwenzangu anang'ang'ania nusu kaputi, alazwe usingizi kabisa. Nyie mngefanyaje?

Mama Sindano: Mkuu, mbona habari nusunusu? Platileti (chembe za kugandisha damu) ngapi? INR (kipimo cha muda wa damu kuganda)? Anameza nini? Shaba imefika ubongoni au iko kwenye ini tu?

Kaputi: Yuko kwenye penisilamini, dawa ya kutoa shaba mwilini. Mikono inatetemeka, maneno anayakokota. Majibu ya damu bado.

Mama Sindano: Majibu bado na umeshachagua sindano ya mgongo! Wengi wao wana bandama kubwa, platileti zinamezwa humo, na ini lililochoka halitengenezi vigandishi. Damu ikivujia kwenye uti wa mgongo utamwambia nini mama yake?

Mzee wa Ganzi: Mnamtisha bure. Majibu ya damu yakiwa safi, ganzi ya mgongo ndiyo njia. Mgonjwa yuko macho, akianza kuchanganyikiwa unamwona.

Kaputi: Na mikono ikitikisa meza je? Ganzi haifiki huko.

Mzee wa Ganzi: Midazolamu kidogo ya kumtuliza.

Mama Sindano: Kwa ini hilo? Atalala hadi jioni.

Rokuroniamu: Mnabishania sindano, mimi naogopa kichefuchefu. Niliitwa chumba cha kuamkia kwa binti mwenye Wilson. Alikuwa ametapika, akachomwa metoklopramidi ya kuzuia kutapika kama wengine wote. Nakuta shingo imepinda upande, taya limekaza, macho yametazama dari, na mama yake analia kwamba ni degedege. Wa zamu tayari ameshika diazepamu! Kumbe ni ile metoklopramidi imekaza misuli. Tulimpa difenhidramini mshipani, shingo ikalegea taratibu. Hawa dawa yao ya kutapika ni ondansetroni. Haloperidoli nayo usiiguse, inakaza misuli vilevile.

Mzee wa Ganzi: Penisilamini si muisimamishe? Inachelewesha kidonda kupona.

Rokuroniamu: Ukiikata ghafla shaba inarudi na ini linaweza kufeli. Dozi inapunguzwa, tena kwa kuongea na daktari wake. Halafu dawa hiyo inaweza kuleta udhaifu wa misuli kama wa miasthenia (ugonjwa wa misuli kuchoka upesi), kwa hiyo kilegeza misuli kipimwe kwa mashine. Atrakuriamu inajivunja yenyewe kwenye damu, hailihitaji ini.

Kaputi: Majibu yametoka. Platileti elfu 62, ziko chini; INR 1.7, iko juu.

Mama Sindano: Ganzi ya mgongo imekufa hapo.

Mzee wa Ganzi: Basi ganzi ya palepale kinenani, mpasuaji achome mwenyewe.

Kaputi: Mpasuaji wetu hapendi. Hivi, zile pete za shaba machoni mwa wagonjwa wa Wilson zinaonekana bila taa maalumu?