Kutoka bendi kubwa ya jazi kwenda studio: mpiga tenor abadilishe nini?

Mpuliza Tenor
Wakuu, salaam. Mtu aliyezoea kiti cha saksafoni ya tenor kwenye bendi kubwa, nota anasoma vizuri, akitaka kuishi kwa kazi za studio aanzie wapi? Na kwa nini sauti iliyopendeza jukwaani ikirekodiwa hutoka kali na yenye kelele?

Ridi Namba Tatu
Mkuu, aanze na fluti na klarineti. Mpiga saksafoni Bud Shank alipiga alto kwenye bendi kubwa ya Stan Kenton, lakini solo yake kwenye "California Dreamin'" ya The Mamas & the Papas, ya 1965, ni ya fluti. Marekani, mkataba wa rekodi wa chama cha wanamuziki huongeza asilimia 20 ya malipo kwa ala ya pili anayopiga mwanamuziki yuleyule na 15 kwa kila inayofuata.

Wengi hukwama kwenye tuni, yaani sauti kukaa sawasawa kwenye noti, isipande wala kushuka. Ukipuliza kwa nguvu, fluti hupanda na klarineti hushuka. Ukipuliza taratibu, mambo hugeuka. Tena fluti iliyokaa kwenye stendi dakika ishirini imeshapoa, itaingia chini. Baa nne kabla ya zamu yako, ipitishie pumzi ya moto bila kutoa sauti.

Fundi Pedi
Naongezea kuhusu kelele. Maiki isitazame ndani ya mdomo mpana wa saksafoni, maana noti za chini kabisa zitalipuka na nyingine zote zitasikika mbali. Sauti hutoka pia kwenye matundu, kwa hiyo iweke sentimita 30 hadi 45, ielekee katikati ya mwili wa ala. Halafu kagua funguo: koki (kipande laini cha kuzuia mgongano) ikidondoka, ufunguo hugonga chuma kwa chuma, na jukwaani matarumbeta yalikuwa yanaificha. Pedi (kifuniko laini cha tundu) ya G kali, yaani G#, ikinata, bana kipande cha karatasi nyembamba chini yake, kisha kivute taratibu.

Mausipisi (kipande cha mdomoni) kali ya kushindana na tromboni nne iache nyumbani, tafadhali.

Mpuliza Tenor
Asante sana. Na hedifoni?

Ridi Namba Tatu
Sikio moja wazi, ujisikie tuni yako. Ila kikombe ulichokitoa kibane kichwani, kisielee hewani. Vinginevyo kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) itavujia kwenye maiki, na kwenye noti ndefu ya mwisho, bendi ikishanyamaza, itasikika waziwazi. Hiyo haifutiki kirahisi, mtarudia.

Fundi Pedi
Na ajizoeze kuhamisha noti papo hapo ziendane na ala yake. Akipewa karatasi ya piano: kwa tenor apandishe toni moja na oktava, kwa alto nusu-toni tisa.