Mrejesho: mkojo wa mama na bakteria wengi

Asanteni sana. Niliuliza mbona kipimo cha mkojo kilionyesha bakteria wengi ilhali mama hana homa wala hasikii uchungu akikojoa. Mlikisia sawa, sampuli ilikuwa imechafuka. Aliikinga alfajiri nyumbani Kondele, ikakaa kwenye mkoba hadi adhuhuri, na joto la Kisumu mnalijua! Mkojo ukikaa zaidi ya saa 2 bila friji, bakteria huzaana humo humo.

Tumerudia. Safari hii alijisafisha, akaachilia mkojo wa kwanza, akakinga wa katikati pale pale maabara. Wakauotesha siku 2, yaani wakauweka maabara kuona kama bakteria watakua, hakuna kilichoota. Antibiotiki alizoandikiwa hakuwa ameanza, daktari amezifuta. Mara ya kwanza alipewa kikopo tu, bila maelezo yoyote. Hilo bado linaniuma.