Mbia, mshirika, mfanyakazi mwenzangu: yupi ni yupi kwenye barua?

Swali (Kisauni): Hamjambo wenzangu. Kuna barua ya kuwatambulisha watu watatu wa duka moja la vipuri Mwembe Tayari: karani, fundi anayeitwa kazi ikizidi, na aliyetia nusu ya mtaji. Wote niwaandike "washirika"?

Jibu (Likoni): La, ndugu yangu, usiwachanganye. Aliyetia mtaji ni mbia: anagawana faida na hasara. Neno hili lina uzito wa kisheria. Katika ubia wa kawaida, duka likishindwa kulipa, anayedai anaweza kumfuata mbia yeyote kwa deni lote. Ukimwandika karani "mbia", unamtwika mzigo usio wake. Karani ni mfanyakazi mwenzenu. Kwa wingi wafanyakazi wenzenu, maneno yote mawili yabadilike. Fundi ni kibarua, au andika tu "fundi wa kazi maalumu", ni adabu zaidi. Mshirika humfaa mwenye biashara yake mnayeshirikiana naye kwa jambo fulani, kama muuzaji wa jumla.

Jibu (Mji wa Kale): Naafiki. Ila angalieni "mwenzi wangu": wengi watafahamu mume au mke. Kazini sema "mwenzangu". Nayo "mwenza" hufuata cheo mnachoshika pamoja: mwenyekiti mwenza, mhariri mwenza.

Jibu (Changamwe): Tena mshiriki si mshirika. Mshiriki ni aliyehudhuria semina au mashindano. Kosa hili limejaa kwenye vyeti, na kikaguzi cha tahajia hakilioni kwa kuwa yote mawili ni maneno sahihi.