Fedha za kupunguza viuatilifu zinaishia kwenye karatasi za mahudhurio, na wafadhili wanaridhika!

Wakuu, hili lisemwe wazi. Fungua taarifa yoyote ya mradi wa kupunguza viuatilifu, yaani sumu za kuua wadudu na visumbufu vingine vya mazao: waliohudhuria wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, picha ya pamoja mbele ya bango. Sasa tafuta ukurasa unaosema mkulima alikuwa anapulizia mara ngapi kwa msimu kabla ya mradi, na mara ngapi baada yake. Mara nyingi haupo. Takwimu za mwanzo hazikuchukuliwa, kwa sababu fedha zilitoka mazao yakiwa yameshaota na dawa ya kwanza imeshapigwa.

Wanaopima nao wengi wanapima kilo za dawa. Ni kosa kubwa! Chukua dawa mbili za wadudu: klopirifosi hupuliziwa kwa mamia ya gramu za kiambato amilifu (sumu yenyewe ndani ya dawa) kwa hekta, wakati lambda-sailothrini inatosha gramu kumi na kitu. Mkulima akihama ya kwanza akachukua ya pili, kilo zinaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90 na mfadhili anapiga makofi, ilhali bomba linabebwa mgongoni mara zilezile, na nyuki na samaki wanakufa vilevile. Denmark waliliona hili mapema. Mpango wao wa 1986 ulifuatilia idadi ya mipulizio kwa dozi kamili, na tangu 2013 kodi yao ya viuatilifu inafuata mzigo wa madhara kwa afya na mazingira. Mradi mdogo hauhitaji makubwa hayo. Unahitaji daftari la mkulima: tarehe, kiambato, dozi kwa bomba, mabomba mangapi, eneo gani. Pamoja na mtu anayelipwa kulikagua kila wiki mbili, maana daftari lisilokaguliwa hujazwa lote siku moja kabla ya ugeni.

Halafu mashamba darasa, yaani mafunzo ya wakulima yanayofanyika shambani kwenyewe. Yalipoanza Indonesia mwaka 1989 kikundi cha wakulima kama 25 kilikutana kila wiki, msimu mzima. Vipande viwili vya shamba, kimoja kwa mazoea ya mkulima na kingine kwa uamuzi wa kikundi. Wanahesabu wadudu shina kwa shina, wanachora walichokiona, wanajadili, ndipo wanaamua kupulizia au kuacha. Leo zoezi hilo linabanwa kuwa siku mbili ukumbini, bado linaitwa shamba darasa, na linafadhiliwa kwa jina hilo. Kwa slaidi huwezi kumfundisha mtu kumtambua nyigu mdogo anayetaga ndani ya yai la nondo na kuliua kabla halijatoa kiwavi.

Na Indonesia haikufanikiwa kwa mafunzo peke yake. Mdudu wa kahawia anayefyonza mpunga hutaga ndani ya sehemu ya jani inayokumbatia shina, sumu haiyafikii mayai, ila inawaua buibui waliokuwa wanamla. Kadiri walivyopulizia ndivyo alivyozidi. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, na ruzuku ya dawa ikapunguzwa mpaka ikaisha 1989. Sheria, bei na shamba vilikwenda pamoja.

Ndiyo maana inauma kuona kazi ya mamlaka za usajili wa viuatilifu, zinazoamua dawa ipi iuzwe na ipi iondolewe, ikikosa fedha za hisani. Haina picha nzuri! Sri Lanka ilipoondoa sokoni viuatilifu vikali vya parakwati, dimethoeti na fenthioni kati ya 2008 na 2011, vifo vya kujiua kwa sumu vilizidi kushuka bila mavuno kuporomoka. Watu hukimbilia kutaja marufuku ya 2021 ya kemikali za kilimo huko huko, lakini ile iligusa mpaka mbolea, yote kwa mkupuo, na ikafutwa mwaka uleule. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Bajeti za vifaa ndizo zinazoniudhi zaidi. Mtego wa feromoni, unaomnasa mdudu kwa harufu ya jike, unanunuliwa na kivutio kimoja, yaani kidonge chenye harufu hiyo. Vivutio vingi huisha nguvu kwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo zao la miezi minne linataka vitatu au vinne kwa kila mtego, na vya akiba vikae kwenye baridi. Kikichakaa, mtego unabaki mtupu. Mkulima anasoma utupu ule kama usalama, anakuja kushtuka kiwavi kashaingia ndani ya tunda, anapulizia mara mbili na kuapa hatagusa tena "mambo ya mradi". Ana haki.

Msimu wa kwanza bila sumu ndio wa hatari, kwa kuwa wadudu rafiki, wale wanaokula waharibifu, hawajarudi. Andiko lisilo na fungu la kufidia hasara ya kipande cha majaribio linamtwisha mkulima hatari yote, halafu mradi unafungwa mwezi wa 12, wadudu hao wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kuzaliana.

Mwenye andiko la mradi wa aina hii aliweke hapa, aondoe majina. Tupitie bajeti mstari kwa mstari: posho na ukumbi kiasi gani, vivutio, daftari na fidia kiasi gani.