Skrini hizi pana zinatuibia: ukurasa wa A4 hauingii tena!

Wandugu wa Lubumbashi, leo nimechoka, acheni niseme.

Mimi napiga mashine kazi za wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa: TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza) na memwari (tasnifu). Miaka yote nilikuwa na skrini ya inchi 17, ile ya kizamani inayokaribia mraba, pikseli (vidoti vya picha) 1280 kwa 1024. Ukurasa ulisimama wote mbele yangu, toka kichwa hadi tanbihi. Mwezi uliopita ikazima, haikuwaka tena. Nikanunua nyingine mjini, inchi 18.5, muuzaji ananiapia: "Papa, hii ni kubwa zaidi."

Kubwa wapi? Nimechukua rula. Kioo cha zamani kina kimo cha sentimita 27. Hiki kipya 23! Pikseli za kwenda chini zimebaki 768. Jana nasahihisha jedwali la mwanafunzi, kaketi kando yangu: vichwa vya safu viko juu, jumla iko chini, vyote havionekani pamoja. Panda, shuka, panda, shuka, mpaka nikaingiza tarakimu kwenye safu isiyo yake. Tumegundua nakala tatu zimeshachapwa. Hasara yangu. Na kushoto na kulia mwa ukurasa? Kijivu kitupu, hakuna kitu.

Msiniambie eti macho ya binadamu yanapenda upana. Umbo hili la 16:9, yaani upana 16 kwa kimo 9, limetoka kwenye televisheni. Miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani, Kerns Powers, alitafuta umbo moja la kubeba filamu pana za sinema pamoja na vipindi vya 4:3. Kwa televisheni alifanya kazi nzuri. Lakini viwanda vikaona faida ya kukata vioo vya televisheni na vya kompyuta kwa umbo moja, na kuanzia 2008 hivi hata 16:10 ya kompyuta za mkononi, iliyokuwa na kimo zaidi kidogo, ikaanza kuondolewa.

Na huu wizi wa inchi! Inchi hupimwa kona kwa kona. Inchi 15 za 4:3 zinakupa inchi za mraba 108. Inchi 15 za 16:9, 96 tu. Namba ni ileile kwenye katoni, kioo kimepungua.

Sasa 3:2 na 16:10 zinarudi, tena kwenye kompyuta za bei kali. Kumbe wanajua! Sisi wa maandishi tulikuwa hatuhesabiki?

Natafuta 1280 kwa 1024 iliyo nzima, hata fremu ikiwa imekwaruzika. Aliye nayo katika komuni zetu za Kamalondo, Kenya au Katuba aseme hapa. Nitakuja na waya wangu kuijaribu.