Kadi za besiboli alizoniachia mjomba: ni halisi, na nizitunzeje hapa Lindi?

Mpwa wa Lindi:

Ndugu zangu, naomba mwongozo katika jambo ambalo hapa mjini sijapata mtu wa kulijadili naye. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, na kwa kuwa kwetu Wamwera mpwa ndiye humrithi mjomba wake, nilikabidhiwa sanduku la nguo pamoja na kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya kopo hilo mna kadi 31 za wachezaji wa besiboli wa Marekani. Mjomba, enzi za ujana wake, alikuwa akiwashikia mnyororo wapima barabara wa Peace Corps, yaani Wamarekani wa kujitolea, wale waliofika Tanganyika mwaka 1961, na mmoja wao alimwachia kopo hilo siku aliyoondoka.

Kinachonisumbua kwanza ni kwamba kadi hizi hazilingani. Baadhi ni pana na ndefu, nyingine ni ndogo kidogo, nami nahofia kuwa hizo ndogo zilipunguzwa kwa mkasi. Isitoshe, iko moja ya mchezaji aitwaye Hank Aaron ambayo inanitia shaka kabisa, kwa sababu namba 44 iliyo kifuani mwake imeandikwa kinyume, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Je, hiyo ni kadi bandia? Nyingine zina madoa ya kahawia mgongoni, kana kwamba ziliwekewa maandazi.

Nikiri pia kosa langu. Kadi iliyonivutia kuliko zote ni ya Jackie Robinson, ambayo ina uso wake mkubwa, na nyuma yake mchezaji akiteleza kwenye vumbi. Kwa kuogopa unyevu, niliipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi ikapigwa lamineshi kama cheti cha kuzaliwa. Ilipotoka mashinani ilikuwa bado ya moto, na nilipoiona inang'aa nilifurahi sana, mpaka jamaa mmoja aliponiambia kuwa nimeiharibu. Je, naweza kuitoa?

Mzee wa Stempu, Mtwara:

Mpwa wetu, pole kwa msiba. Mimi ni mkusanyaji wa stempu, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa pia na kadi chache za besiboli, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyajua kwa mikono yangu.

Weka mkasi pembeni ya mawazo yako kwanza, uchukue rula. Kampuni ya Topps, ambayo ilikuwa ikitia kadi hizi ndani ya pakiti za ubani wa kutafuna, kuanzia mwaka 1952 hadi 1956 ilizichapa kwa kipimo cha takriban milimita 67 kwa 95. Mwaka 1957 ikazipunguza hadi milimita 63.5 kwa 89, na kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo. Basi kopo lenye ukubwa wa aina mbili si ajabu. Ni kopo la kijana aliyekuwa akinunua ubani kabla ya mwaka huo na baada yake. Kadi ya kutiliwa shaka ni ile isiyofikia hata kipimo kidogo, au ile ambayo ukingo wake mmoja ni mweupe na mkali kuliko kingo nyingine tatu, maana kingo zote za karatasi ya zamani hupauka pamoja.

Kuhusu Aaron, furahi. Hiyo ni kadi ya mwaka 1957, na kosa ni la wachapaji wenyewe, ambao waligeuza filamu ya picha, wakamfanya mpigaji wa mkono wa kulia aonekane akisimama kama mpigaji wa kushoto. Namba iliyopinduka ndiyo kitambulisho chake. Ningekuwa na wasiwasi kama 44 ingesomeka sawasawa.

Madoa ya kahawia nayo si ya maandazi. Kipande cha ubani kilikuwa kikikaa pamoja na kadi ndani ya karatasi ya nta, na mara nyingi kiliacha alama. Usiyasugue, wala usiyapitishie kitambaa chenye maji.

Ukitaka uthibitisho zaidi, azima lenzi ya fundi saa. Picha za enzi hizo ni mkusanyiko wa nukta ndogondogo za wino wa rangi, lakini herufi za jina zilichapwa kwa wino mzima usio na nukta. Nakala iliyopatikana kwa kupiga picha kadi nyingine huwa na nukta hata ndani ya herufi. Kuna watu wanaoshauri kutumia taa ya zambarau ya kukagulia noti, ile waliyo nayo mawakala wa fedha. Hiyo inafaa zaidi kwa kadi za tumbaku, zile zilizotiwa kwenye pakiti za sigara kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa karatasi za zamani hizo hazikuwa na dawa ya kung'arisha, ambayo hung'aa chini ya taa hiyo. Kwa kadi za miaka ya 1950, taa hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Sasa lamineshi. Hapa sina habari njema. Mashine ile huyeyusha gundi kwa joto, nayo gundi hupenya hadi kwenye uso wa karatasi. Ukiibandua utaondoka na uso wa Robinson. Iache kama ilivyo, na usikubali mtu yeyote akudanganye kuwa ana dawa ya kuitoa.

Ghala la Korosho, Mtwara:

Shikamoo Mzee wa Stempu. Naongezea upande wa utunzaji tu, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kupambana na unyevu. Ghalani hatulazi gunia sakafuni wala hatuligusishi ukutani. Tunalipanga juu ya chaga, hewa ipite chini na pembeni. Kadi nazo zinataka hivyo hivyo. Kopo la bati katika mji wa pwani, hasa kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili, hutoka jasho kwa ndani na kuota kutu, na kutu ikigusa karatasi haitoki tena.

Tafuta bahasha za plastiki ngumu isiyo na harufu. Ile laini yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni huachia kemikali baada ya miaka na kunata kwenye picha. Zipange zikiwa zimesimama ndani ya boksi lenye mfuniko, tia vile vifuko vya chembe za kukausha hewa vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe mara kwa mara. Boksi likae kabatini, kwenye rafu ya katikati, mbali na ukuta unaopigwa na mvua.

Mwalimu wa Mikindani:

Kaka, wengine wamekueleza juu ya karatasi, nami niseme machache juu ya watu waliomo, maana naona umeshikwa na Robinson kabla hata ya kumjua.

Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, akavunja ukuta uliokuwa umewazuia Waafrika-Wamarekani kucheza katika ligi kuu kwa miongo mingi. Mwaka 1997 namba yake, 42, iliondolewa katika timu zote za ligi hiyo kwa heshima yake. Kadi uliyoieleza, ya kulala yenye uso na mtelezo, ni ya mwaka 1956, msimu wake wa mwisho. Aaron wa kadi iliyogeuzwa ndiye aliyempita Babe Ruth, aliyekuwa akishikilia rekodi ya homurani, tarehe 8 Aprili 1974, akafikisha homurani ya 715, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia. Alistaafu akiwa nazo 755.

Tazama pia kama una kadi iliyoandikwa Bob Clemente. Huyo ni Roberto Clemente wa Puerto Rico, ambaye Topps ilimwita Bob kwa miaka mingi kana kwamba jina lake mwenyewe halikutosha. Alifariki tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua.

Na kuhusu fedha, kwa kuwa najua watakuja kukuuliza: ni kweli kwamba mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa New York Yankees, ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Lakini ile ilikuwa karibu na upya wa kiwandani, na ni ya mfululizo ambao mabaki yake Topps yenyewe iliyamwaga katika bahari ya Atlantiki mwaka 1960 kwa kukosa wanunuzi. Zako zina madoa na pembe zilizolegea. Asije mtu akakupa elfu hamsini kwa kopo zima, lakini pia usianze kuchora ramani ya nyumba.

Mpwa wa Lindi:

Shikamoo Mzee wa Stempu, na ahsanteni wote. Nimepima jana usiku. Kubwa ni 12, na zote zimetoka milimita 95 au pungufu kidogo sana. Ndogo ni 19; kati ya hizo, 18 zina milimita 89, na moja ina 86, ukingo wake wa chini ukiwa mweupe kuliko mwingine wote. Hiyo nimeiweka kando. Bob Clemente yumo, na doa la ubani liko mgongoni pake. Fundi saa wa sokoni amekubali kuniazima lenzi siku ya Jumamosi, kwa sharti kwamba naye atazame.